Yoga ya kiuno, mabega na usingizi: namna ya kuanza mwenyewe nyumbani

Maswali ya wanaoanza ni yale yale, kwa hivyo nayajibu yote hapa mara moja. Kiuno kinaniuma, nifanye yoga au nitajivunja? Mimi ni mnene, nitaweza? Sipati usingizi, kuna mkao wake? Na lile linaloulizwa kwa sauti ya chini baada ya wengine kuondoka: hii si ibada ya Wahindi?

Nianze na hilo la mwisho, maana hapa Mombasa ndilo linalowarudisha watu nyumbani. Yoga ilizaliwa India na kwa karne nyingi imeshikana na dini za huko; sitakudanganya kwamba ni vinginevyo. Lakini kunyoosha mgongo na kupumua polepole hakuhitaji mantra (maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa) wala sanamu. Katika mwongozo huu hakuna kuimba "Om", hakuna kulisalimia jua, hakuna kukutanisha viganja kifuani. Hata nchi za Kiislamu zenyewe hazikuamua sawa: baraza la taifa la fatwa la Malaysia mwaka 2008 lilikataza yoga yenye mantra na nia ya ibada, na Saudia mwaka 2017 ikaitambua yoga kuwa shughuli ya michezo. Kama moyo haujatulia, mwendee sheikh au padri wako na umwonyeshe hatua hizi hasa utakazofanya, si picha za kwenye simu.

Kuhusu kiuno: ndiyo, inasaidia, ila si muujiza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 619 waliishi na maumivu ya kiuno mwaka 2020, na sehemu kubwa ya maumivu hayo haina kidonda wala mfupa uliovunjika unaoweza kuonyeshwa kwenye picha. Kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu ya aina hiyo, American College of Physicians, chama cha madaktari wa Marekani, mwaka 2017 waliiweka yoga kati ya tiba za kujaribu kabla ya kukimbilia dawa. Majaribio mengi hupima baada ya wiki 12 hivi, na nafuu wanayoiona ni ya wastani. Anayekuahidi kupona kwa siku tatu ana kitu cha kuuza.

Kuhusu unene na ugumu wa viungo: havina uzito wowote hapa. Huhitaji kugusa vidole vya miguu. Kipimo chetu ni kimoja, nacho ni pumzi. Ukiwa kwenye mkao na bado unavuta pumzi kwa pua polepole bila kukwama, uko mahali pako. Pumzi ikikatika, au ukijikuta umeibana, umezidisha. Rudi nyuma hata kama jirani yako amekunjika mara mbili.

Nani aende kwa daktari kwanza

Soma sehemu hii kabla ya kutandika mkeka. Nenda hospitali leo, usingoje kesho, ikiwa maumivu ya mgongo yamekuja pamoja na kushindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo kukataa kutoka, ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, au mguu kuishiwa nguvu. Vivyo hivyo kama umeanguka au kupata ajali, una homa, unakonda bila sababu, au umewahi kutibiwa saratani.

Mwenye presha isiyodhibitiwa au presha ya macho asishushe kichwa chini ya moyo, aruke hatua ya 6, na miguu asiinue ukutani. Mwenye mifupa iliyodhoofika asijikunje mbele kwa nguvu wala kujipinda sana. Mama mjamzito, hatua hizi sikuziandika kwa ajili yako. Tafuta aliyefunzwa mazoezi ya wajawazito, kwa sababu baada ya miezi mitatu ya kwanza kulala chali kwa muda na kulala kifudifudi si vya kufanya kwa kusoma tu.

Na kwa wanaotumia dawa za sonona, wasiwasi au kifafa: endelea na dawa. Yoga hukaa kando ya dawa, haichukui nafasi yake. Kama mawazo yamefika mahali pa kutaka kujidhuru, acha mkeka, mwambie mtu wa karibu sasa hivi, au piga 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya.

Vitu vya kuandaa

Mkeka wa ukindu wa kawaida unatosha, ukiwa juu ya saruji au zulia. Juu ya sakafu ya vigae unateleza vibaya, hasa ukishika jasho, kwa hivyo tandika chini yake kitu cha mpira, kama kile cha kuwekwa mlangoni mwa bafu. Mikeka ya sponji ya madukani ni mizuri lakini si sharti. Yule anayekuambia huwezi kuanza bila hiyo, muulize kama anaiuza.

Leso mbili: moja ya kukunja na kuweka chini ya magoti, ya pili ya kuvutia mguu. Mto mmoja, afadhali ule mgumu wa pamba kuliko wa sponji. Kiti imara kisicho na magurudumu. Ukuta usio na misumari wala swichi usawa wa mikono.

Mavazi: kitu kipana kisichobana tumbo. Akina dada, dera ni zuri kwa kila kitu isipokuwa hili. Ukiinua nyonga litakufunika uso, na ukipiga magoti utalikanyaga. Vaa suruali pana ndani, dera ulifunge kiunoni. Wanaume, kikoi kina tabia ile ile, na sitaeleza zaidi.

Wakati: baada ya swala ya alfajiri, au ile saa kabla ya magharibi jua linapopoa. Mchana wa kaskazi, Januari hadi Machi, joto na unyevu wa pwani hukuchosha kabla hujaanza. Washa feni na ufupishe. Kunywa maji kabla na baada. Tumbo liwe na nafasi: baada ya mahamri na mbaazi subiri kama saa mbili, baada ya pilau ya Ijumaa subiri tatu au uahirishe kabisa. Mwezi wa Ramadhani fanya hatua za 1 hadi 4 tu karibu na kufuturu, au zote baada ya tarawehe.

Mahali: chumbani kunatosha. Wanaopenda ufuo wachague maji yakiwa yamekupwa, kwenye mchanga mgumu ulio tambarare. Mchanga mlaini humeza viganja na kuumiza vifundo vya mikono, na ule wenye mteremko huacha nyonga moja juu ya nyingine. Jumapili jioni ufuo wa umma wa Bamburi una mipira, ngamia na muziki. Utulivu hutaupata huko. Bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari mjini Mombasa, asubuhi mapema ni afadhali.

Hatua zenyewe

Zote zinachukua kama dakika 25. Wiki mbili za mwanzo fanya hatua za 1 hadi 4, kisha ruka hadi ya 9. Usiwe na haraka ya zilizobaki.

1. Lala chali, ndama za miguu zikae juu ya kiti, magoti yamekunjika. Kichwa juu ya mto mwembamba. Weka kiganja kimoja kifuani na kingine tumboni. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe kwa pua ukihesabu hadi 6. Kiganja cha tumboni ndicho kiwe kinapanda na kushuka; cha kifuani kitulie. Dakika 5.

Hatua hii ndiyo watu huiruka kwa sababu haionekani kuwa mazoezi, na kwangu ndiyo nusu ya tiba. Pumzi ya namna hii huja kama mara 6 kwa dakika, wakati mtu aliyeketi tu hupumua mara 12 hadi 20. Pumzi ndefu ya kutoa hupunguza mwendo wa moyo, na msuli wa kiuno uliokaza kwa wasiwasi hauwezi kulegezwa kwa kuvutwa tu; ni mpaka mwili uamini kwamba hakuna hatari. Wale ambao wameshinda siku nzima ndani ya foleni ya feri ya Likoni wanajua mabega yao yako wapi wakifika nyumbani. Usiibane pumzi katikati. Kichwa kikizunguka, acha kuhesabu, pumua kawaida.

2. Ondoa kiti, nyayo ziguse sakafu, magoti juu. Ukitoa pumzi, bana kiuno kwenye mkeka taratibu. Ukivuta, kiachie kiinuke kidogo. Mwendo ni mdogo sana, nyonga hazitoki chini. Mara 10. Kisha lete magoti kifuani, yashike kwa nyuma ya mapaja, yumba kushoto na kulia.

3. Paka na ng'ombe. Piga magoti juu ya leso iliyokunjwa, viganja chini ya mabega, magoti chini ya nyonga. Ukivuta pumzi, shusha tumbo, inua kifua na uangalie mbele. Ukitoa pumzi, vuta kitovu ndani, pinda mgongo juu, kichwa kining'inie. Mara 8, polepole kuliko unavyotaka. Kosa la kawaida ni kuvunja shingo nyuma kama unatafuta ndege angani. Shingo ifuate mgongo, isiuongoze.

4. Kutoka hapo rudisha nyonga kuelekea visigino, nyosha mikono mbele, paji la uso likae kwenye mto. Magoti yaachane, tumbo lipate mahali. Wengi huuzoea mara moja kwa kuwa hauko mbali na sijda. Tofauti ni kwamba hapa hakuna nia ya ibada, na unakaa pumzi 10 au zaidi. Nyonga zisipofika visigino, jaza pengo kwa mto wa pili. Mwenye presha isiyodhibitiwa au presha ya macho aweke mito miwili mikubwa ili kichwa kiwe juu.

Hatua hii nawapa hasa wanaokuna nazi kwenye mbuzi, mafundi wa pikipiki, madereva wa tuktuk, wote ambao mgongo wao umekaa umepinda mbele huku mikono ikifanya kazi. Nyosha mikono mpaka mbavu za pembeni zifunguke. Pumua kuelekea mgongoni. Utausikia ukipanuka chini ya nguo.

5. Lala chali. Mguu wa kushoto umekunjwa, unyayo chini. Zungushia leso unyayo wa kulia na uinue mguu huo, goti likiwa limelegea. Shika ncha mbili za leso, mabega yabaki chini. Pumzi 8, kisha mguu wa pili. Lengo si kuunyosha mguu uwe kama mlingoti; msuli wa nyuma ya paja uvutike katikati yake. Ukiusikia mvuto nyuma ya goti, au shoti ya umeme ikishuka hadi kidoleni, umevuta mshipa wa fahamu badala ya msuli. Kunja goti zaidi.

6. Daraja. Nyayo chini, upana wa nyonga, mikono pembeni. Kanyaga kwa visigino, toa pumzi, inua nyonga kiasi cha shubiri mbili. Shikilia pumzi 3, shuka polepole, rudia mara 5. Kazi iwe ya makalio na nyuma ya mapaja. Kiuno kikianza kulalamika, umeinua juu mno.

7. Lala kifudifudi, viwiko chini ya mabega, mikono mbele kwenye sakafu. Inua kifua, tumbo libaki chini. Pumzi 5, lala, rudia mara 3. Yule ambaye maumivu yake huzidi akisimama au akijinyosha nyuma na hupoa akiketi au kuinama, aiache hatua hii. Mgongo wake, hasa akiwa mtu mzima wa miaka 60 na kuendelea, hauipendi.

8. Simama kuelekea ukuta, viganja ukutani usawa wa nyonga. Rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo uwe sambamba na sakafu, magoti yamelegea. Sukuma ukuta, vuta nyonga nyuma. Pumzi 8. Huu nauchagua badala ya ule mkao maarufu wa mbwa wa kuinamisha kichwa chini, kwa sababu unanyoosha kila kitu kile kile bila kuleta presha kichwani wala uzito kwenye vifundo vya mikono. Kutoka: tembea kuelekea ukutani, usinyanyuke ghafla.

9. Lala chali, mto chini ya magoti, leso juu ya mwili ukitaka. Mikono mbali kidogo na mwili, viganja juu. Dakika 5 bila kufanya chochote. Pitisha umakini kutoka nyayo hadi uso, ukilegeza kila sehemu: vidole, ndama, mapaja, tumbo, taya. Taya husahaulika. Waliopitia mambo mazito na ambao kufumba macho kunawaletea picha wasizozitaka, waache macho wazi yatazame sehemu moja ya dari, au wakae wameegemea ukuta. Hakuna sheria ya kufumba macho.

Kuinuka: geuka ubavu wa kulia, kaa hivyo kidogo, jisukume kwa mkono.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kuanza na video ya mtu aliyesimama kwa kichwa. Kufanya saa moja Jumamosi kisha kulala wiki nzima. Dakika 20 mara nne kwa wiki zina faida zaidi. Kuamini kwamba pasipouma hakuna kazi. Maumivu makali, ya kuchoma, au yaliyo ndani ya kiungo ni amri ya kuacha, na mvuto mpana wa msuli unaopoa ukitoka kwenye mkao ni sawa.

Lingine, na hili nalisema kwa walimu wenzangu pia: kumkandamiza mwanafunzi mgongoni ili ashuke zaidi. Ukienda darasa lolote mjini, Nyali au Diani, na mwalimu akataka kukusukuma bila kukuuliza, mwambie hapana. Muulize pia amefunzwa wapi, na atafanya nini na kiuno chako. Akikosa jibu la swali la pili, jibu lake la kwanza halina maana kwako.

Kwa usiku usiolala

Usifanye mzunguko wote. Fanya ya 1, ya 4 na ya 9, kwa mfuatano huo, taa imezimwa, simu iwe chumba kingine. Hatua ya 9 uifanyie kitandani moja kwa moja. Ukiamka saa tisa usiku na kichwa kinapiga hesabu za ada na kodi, rudia pumzi ya 4 kwa 6 ukiwa umelala, na usihesabu umezifanya ngapi. Chai ya mwisho au kahawa chungu iwe kabla ya alasiri. Hakuna mkao unaoishinda kahawa ya saa mbili usiku pale barazani.

Mambo yakikwama

Vifundo vya mikono vinauma kwenye hatua ya 3: shuka kwenye viwiko, au kunja ngumi badala ya kufungua kiganja.

Magoti yanauma: ongeza leso chini yake. Yakiendelea, fanya paka na ng'ombe ukiwa umeketi kwenye kiti, viganja mapajani. Inafanya kazi vilevile, na wazee wengi huanzia hapo.

Ndama au unyayo unakaza ghafla kwenye daraja: shuka, vuta vidole vya mguu kuelekea goti, sugua. Huja sana ukiwa umetoka jasho jingi siku nzima na kunywa kidogo. Maji, au dafu ukilipata.

Kizunguzungu ukiinuka: umenyanyuka haraka, una njaa, au dawa zako za presha zinakushusha. Kikijirudia, pima presha kliniki kabla ya kuendelea.

Kiuno kinauma zaidi kesho yake: uchovu wa msuli huisha ndani ya siku mbili. Ukidumu zaidi, ondoa hatua za 6 na 7 kwa wiki nzima. Maumivu yakianza kushuka mguuni kupita goti, simamisha yote na umwone tabibu wa viungo. Hospitali Kuu ya Pwani ina idara yake.

Pumu: usihesabu hadi 6. Vuta 3, toa 3, kifua kiwe juu ya mito miwili, na kipulizio kiwe karibu na mkeka.

Akili haitulii, inakimbia sokoni Kongowea na kurudi: iache ikimbie. Ukigundua imekwenda, rudi kwenye kiganja cha tumboni. Kugundua huko ndiko zoezi lenyewe, hata ikiwa ni kila pumzi.

Unalala usingizi kwenye hatua ya 9: ulikuwa umechoka. Weka kengele ya simu kama una mahali pa kwenda.

Watoto wanakupanda mgongoni kwenye hatua ya 3: wafundishe mlio wa ng'ombe na wa paka, utapata dakika tano.

Umekosa wiki nzima: usilipe deni kwa kufanya mara mbili. Anza tena na 1 hadi 4 kwa siku mbili, kisha urudishe zilizobaki moja moja.